Mwaka Juzi Walikuwa Wapi? Celtic na Kombe la Ulaya la 1966–67

(Hotuba kwa makocha wa timu za vijana, Tanga)

Ndugu mwenyekiti, makocha wenzangu, wazee mliotutangulia katika mchezo huu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: shikamooni wakubwa zangu, na wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia. Nimepewa dakika 40. Anayenifahamu anajua kwamba mimi dakika 40 nazimaliza kwenye salamu tu, kwa hiyo nitajitahidi.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa na hadithi moja ninayowapa watoto kabla ya mechi ngumu, hasa tunapokwenda kucheza na timu yenye viatu kuliko sisi. Nawaambia: Mei 25, 1967, timu ya Celtic ya Glasgow, Uskoti, ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya ikiwa na wachezaji 11 waliozaliwa wote ndani ya maili 30 kutoka uwanjani kwao. Maili 30 ni kama kilomita 48. Chukua Tanga mjini, chora duara linaloipita Muheza kidogo, humo humo upate kipa, mabeki, viungo na washambuliaji wa kuwafunga Inter Milan. Wengi wao walizaliwa karibu zaidi ya hapo. Aliyetoka mbali ni Bobby Lennox, mtoto wa Saltcoats, mji wa pwani. Nikimaliza nawaambia watoto: mnaona? Nanyi mnaweza. Wanapiga makofi, tunaingia uwanjani, tunafungwa.

Siku moja kipa wetu wa akiba, kijana wa miaka 14 ambaye kwa kawaida haongei, akainua mkono. Akaniuliza, "Mwalimu, hao vijana mwaka juzi walikuwa wapi?"

Nikamwambia walikuwa hapo hapo, Celtic. Akasema, "Sasa mbona mwaka juzi hawakuchukua?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia akavae glavu. Usiku sikupata usingizi, kwa sababu swali lile lilikuwa limeitoboa hadithi yangu kama msumari kwenye mpira. Watu wa maili 30 walikuwapo siku zote, na mwaka 1965 Celtic ilimaliza ligi ya Uskoti ikiwa ya nane. Ya nane! Billy McNeill alikuwamo. Bobby Murdoch, Jimmy Johnstone, Stevie Chalmers, Tommy Gemmell, John Clark, wote walikuwamo. Damu ile ile na maili zile zile. Tangu Oktoba 1957, walipowafunga Rangers 7–1 kwenye fainali ya Kombe la Ligi, hawakuwa wameshika kombe kubwa lolote, na ubingwa wa ligi waliuona kwa mara ya mwisho 1954.

Kwa hiyo leo nataka kumjibu yule mtoto, japo kwa kuchelewa. Na jibu lenyewe linatuhusu sisi tuliokaa kwenye viti hivi kuliko linavyowahusu wao.

Jock Stein alikuwa mchimba makaa ya mawe kutoka Burnbank, Lanarkshire. Alikaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 10 huku akichezea Albion Rovers. Celtic walimchukua 1951 akiwa tayari mchezaji mkubwa, ili awalee vijana wa timu ya akiba, lakini mabeki waliumia, akaingia, akawa nahodha, na mwaka 1954 akainua kombe na ubingwa wa ligi kwa pamoja. Enka ikammaliza. Akapewa timu ya akiba kuifundisha, na huko ndiko alikowakuta watoto kama McNeill na Clark. Kisha akaondoka mwaka 1960 kwenda Dunfermline, na mwaka uliofuata Dunfermline hao hao wakaifunga Celtic fainali ya Kombe la Uskoti. Baadaye akaenda Hibernian. Aliporudi Celtic Machi 1965, alirudi kwa sharti moja ambalo makocha wa humu ndani watalielewa bila mimi kulifafanua sana: kikosi anakipanga yeye.

Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnajua. Kabla yake kocha wa Celtic alikuwa Jimmy McGrory, mfungaji mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu, mtu mpole, lakini mwenyekiti Robert Kelly alikuwa na mkono wake kwenye orodha ya wachezaji. Sitasema zaidi. Wenyeviti wamo humu, na chai bado haijaletwa.

Kabla ya sharti lile kulikuwa na safari moja ya Budapest, na makocha wa vijana mngeifahamu hii vizuri. Mwaka 1964 Celtic ilifika nusu fainali ya Kombe la Washindi Ulaya dhidi ya MTK ya Hungaria. Glasgow wakashinda 3–0. Wakaenda marudiano wakiwa na mabao matatu mkononi, na wakacheza vile vile walivyocheza nyumbani, mbele kwa mbele, kifua wazi, kana kwamba kujilinda ni aibu. Wakapigwa 4–0. Wengi wa vijana wale ndio hao hao wa 1967. Ukiwatazama siku ile unasema hawa si watu wa Ulaya, hawana akili ya mchezo. Akili walikuwa nayo. Ila hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mtoano wa mechi mbili ni mchezo mmoja wa dakika 180.

Stein alikwenda shule. Novemba 1963, akiwa bado Dunfermline, yeye na Willie Waddell, kocha wa Kilmarnock, walisafirishwa hadi Milan kumtazama Helenio Herrera akiifundisha Inter. Herrera ndiye aliyekuwa akitisha Ulaya: beki mmoja wa mwisho nyuma ya mabeki wote, mlango umefungwa, funguo imetupwa, halafu shambulizi moja la haraka, bao moja, mkalale. Kwa lugha ya vijana wa leo, alikuwa anapaki basi, ila basi lake lilikuwa na injini. Inter ya Herrera ikachukua Kombe la Ulaya 1964 na 1965 mfululizo. Stein alitazama, akaandika, akarudi kwao. Herrera hakujua kwamba pembeni ya uwanja wake amekaa mtu atakayekuja kumfunga.

Aliporudi Celtic hakuanza kwa kununua. Alianza kwa kuhamisha. Murdoch, aliyekuwa akichezeshwa mbele, akamrudisha katikati awe mtoaji wa mipira, na kumbe yule kijana alikuwa na macho nyuma ya kichwa. Bertie Auld alikuwa winga, mkorofi, ulimi mrefu, amekwenda Birmingham na kurudi. Stein akamtoa pembeni akamweka karibu na Murdoch. Hapo ndipo timu ilipozaliwa. Gemmell anatumia mguu wa kulia, lakini alicheza namba tatu, upande wa kushoto, na aliruhusiwa kupanda. Ruhusa ile ilikuwa jambo kubwa, maana namba tatu wa zama zile akivuka nusu ya uwanja aliitwa mtoro.

Kipa ni kisa kingine. Ronnie Simpson alizaliwa 1930. Alicheza Olimpiki ya London 1948, akachukua Kombe la FA mara mbili na Newcastle, 1952 na 1955. Stein alipokuwa Hibernian alimwona mzee akamwachia aende Celtic. Miezi michache baadaye Stein mwenyewe akateuliwa Celtic. Inasimuliwa kwamba Simpson alimwambia mkewe afunge mizigo, maana jamaa amewafuata. Lakini Stein alimtazama tena mazoezini akaona amekosea, akampa lango. Aprili 1967 Simpson akaitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 36, akaenda Wembley, na Uskoti ikaifunga Uingereza, mabingwa wa dunia, 3–2. Siku ile walikuwamo watu wanne wa Celtic. Kocha kugeuza neno lake juu ya mchezaji, tena mbele ya wachezaji wengine, si jambo jepesi. Mimi nimelifanya mara mbili katika miaka 30, na mara zote mbili nilitafuta kisingizio.

Basi tuingie kwenye msimu wenyewe.

Vijana, Kombe la Ulaya la wakati ule halikuwa kama hili mnaloliona kwenye banda la video. Hakuna makundi. Unaingia ukiwa bingwa wa nchi yako, unapangiwa mpinzani kwa kura, nyumbani na ugenini, ukishindwa umerudi kwenu, utangoja mwaka. Hata bao la ugenini halikuwa likihesabiwa zaidi katika kombe hilo. Mkitoka sawa mnakwenda kucheza mechi ya tatu uwanja wa watu wengine. Misimu 11 ilikuwa imepita tangu lianze, na kombe lilikuwa halijatoka katika nchi tatu: Hispania, Ureno na Italia. Real Madrid mara sita, Benfica mbili, Milan moja, Inter mbili. Wa kaskazini walikuwa wanasindikiza.

Msimu ule dalili ya mabadiliko ilionekana Desemba 7, 1966, Amsterdam, kwenye ukungu mzito kiasi kwamba waliokaa upande mmoja wa uwanja hawakuona goli la upande wa pili. Liverpool ya Bill Shankly, bingwa wa Uingereza, ilipigwa na Ajax 5–1. Kijana mmoja wa miaka 19 aitwaye Johan Cruyff alikuwa anatokea ukunguni na kupotelea ukunguni. Marudiano Anfield ikawa 2–2, yote mawili ya Ajax akafunga yeye. Watu wakasema hao Ajax ndio mabingwa. Robo fainali Dukla Praha ikawatoa. Ndivyo mtoano ulivyo. Haukupi nafasi ya kueleza.

Celtic walianza na Zürich ya Uswisi, ambao mchezaji na kocha wao alikuwa László Kubala, yule yule wa Barcelona. 2–0 nyumbani, Gemmell akifungua kwa shuti la mbali, kisha 3–0 ugenini. Wakaja Nantes, mabingwa wa Ufaransa: 3–1 kule, 3–1 huku. Hapo nitapita haraka, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda.

Halafu yakaacha kwenda. Joe McBride, mshambuliaji aliyekuwa amefunga mabao 35 kabla ya Krismasi, goti likamwacha Desemba na msimu wake ukaishia hapo. Kocha yeyote humu aliyewahi kumpoteza mfungaji wake katikati ya ligi anajua usiku wa namna ile. Bahati ilikuwa kwamba wiki chache kabla, Stein alikuwa amemnunua Willie Wallace kutoka Hearts kwa pauni 30,000, akikusudia awe mwenza wa McBride. Akawa mrithi. Lakini Wallace hakuwa na kibali cha kucheza robo fainali ya Ulaya, na robo fainali ilikuwa Vojvodina ya Novi Sad, Yugoslavia.

Naomba mnisikilize hapa vizuri, kwa sababu msimu wote ule, kwa maoni yangu, umo ndani ya mechi hizi mbili. Lisbon ni arusi. Novi Sad ndiko posa ilikokuwa karibu kukataliwa.

Vojvodina hawakuwa watoto. Walikuwa wamewatoa Atlético Madrid kwa mechi ya tatu, tena Madrid kwenyewe, 3–2 baada ya dakika za nyongeza. Machi 1, 1967 Celtic wakaenda kwao, wakajilinda vizuri, na zikiwa zimebaki dakika 20 hivi Gemmell, huyu huyu shujaa wetu, akarudisha pasi fupi nyuma. Ikanaswa. Stanić akafunga. 1–0. Hakuna kijana wa maili 30 wala nini. Pasi fupi ni pasi fupi.

Marudiano Machi 8, Glasgow, usiku, uwanja umefurika. Nusu ya kwanza Vojvodina walicheza mpira mzuri kuliko Celtic, na waliokuwapo walikiri hivyo. Dakika ya 58 kipa wao Pantelić akakosea krosi ya Gemmell, Chalmers akasawazisha jumla ya mabao. Kisha dakika zikaanza kukimbia. Uwanja wa mechi ya tatu ulikuwa tayari umepangwa, Rotterdam. Mwamuzi anatazama saa. Celtic wakapata kona upande wa kulia.

Charlie Gallagher alikuwa mpigaji. Tazameni jina hili, Gallagher, kwa sababu halimo katika wale 11 wa Lisbon, na watu wengi hawalikumbuki. Alitaka kuipiga fupi. Beki mmoja akamsogelea, akaamua kuinua. McNeill, nahodha, namba tano, akapanda kutoka nyuma, Chalmers akiwa amesimama mbele ya kipa akimziba asitoke, akapiga kichwa. Wavuni. Vojvodina wakaanzisha mpira katikati, na filimbi ikalia.

Yule mtoto wangu aliposikia hapa akasema, "Basi ni bahati." Nikamwambia inaweza kuwa. Lakini Chalmers kusimama pale mbele ya kipa ni mazoezi. McNeill kupanda kwenye kona, wakati mabeki wengi wa wakati ule waliambiwa wabaki nyuma, ni mazoezi. Fainali ya Kombe la Uskoti ya Aprili 1965, wiki chache tu tangu Stein arudi, Celtic waliifunga Dunfermline 3–2 na bao la ushindi lilikuwa la kichwa cha McNeill kutoka kwenye kona. Gallagher ndiye aliyepiga kona ile pia. Bahati gani hiyo inayotumia mguu ule ule na kichwa kile kile?

Nusu fainali ikawa Dukla, timu ya jeshi la Czechoslovakia, na katikati yao Josef Masopust, mchezaji bora wa Ulaya wa 1962. Glasgow ikawa 3–1. Johnstone moja, Wallace, sasa ana kibali, mawili. Na sasa marudiano Praha, Aprili 25, mnakumbuka Budapest? Mabao mkononi, ugenini, nusu fainali. Stein alikuwa mtu anayeuchukia mpira wa kujificha, alisema hivyo waziwazi kwa waandishi mwaka mzima. Siku ile akawaweka wote nyuma, Chalmers peke yake mbele akihangaika kama mbuzi aliyefungwa kamba. 0–0. Mchezo mbaya, hakuna aliyeufurahia, na yeye mwenyewe hakuwahi kujivunia siku ile wala hakuirudia. Lakini Celtic walikuwa fainali. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia. Mwenye msimamo anayejua siku ya kuukunja.

Siku nne baadaye wakaifunga Aberdeen 2–0 wakachukua Kombe la Uskoti. Mei 6, kwenye mvua na matope ya Ibrox, nyumbani kwa Rangers, wakatoka 2–2 wakachukua ligi, mabao yote mawili ya Johnstone. Kombe la Ligi walikuwa nalo tangu Oktoba, Kombe la Glasgow tangu Novemba. Mnahesabu? Limebaki moja.

Upande wa pili Inter walikuwa wanapita, lakini sikilizeni walivyokuwa wakipita. Torpedo Moscow 1–0 na 0–0. Wakawatoa Real Madrid, mabingwa watetezi, bila kufungwa bao. Kazi kubwa hiyo. Nusu fainali na CSKA Sofia, 1–1, 1–1, mechi ya tatu Bologna 1–0. Walikuwa wamechoka. Luis Suárez, ubongo wa timu, majeruhi. Jair naye hayupo. Nyumbani ligi ilikuwa inawaponyoka. Tunapenda kusema Celtic walilishinda jitu. Kweli jitu, lakini lilikuwa linachechemea. Kulisema hili hakuwapunguzii Celtic kitu, na nadhani kocha anayesimulia hadithi lazima aseme yote.

Lisbon, Mei 25. Ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na mashabiki wengi wa Celtic walianzia kanisani, maana klabu ile ilianzishwa na bradha wa Kikatoliki, Walfrid, mwaka 1887, kuwachangia chakula maskini wa Kiayalandi wa mashariki ya Glasgow. Stein mwenyewe alikuwa Mprotestanti, kocha wa kwanza wa Celtic asiye Mkatoliki, na kwa Glasgow hilo halikuwa jambo dogo. Maelfu walikuja, wengi kwa magari yao, safari ya siku kadhaa. Uwanja wa taifa wa Ureno uko Jamor, nje kidogo ya mji, umezungukwa na miti, upande mmoja una jukwaa la mawe meupe kama la Warumi. Mechi saa 11 na nusu jioni, jua bado kali.

Kwenye njia ya kutokea timu zikapanga mistari. Inter wamenyooka, ngozi imeiva jua, nywele zimechanwa, manukato. Celtic wafupi, weupe kama maziwa, baadhi hawana meno ya mbele. Auld akaanza kuimba wimbo wa klabu. Wenzake wakaitikia, wote, kwa sauti, kwenye shimo lile la mawe. Mazzola na Facchetti wa Inter wakatazamana. Wapo wanaosema mechi iliishia hapo. Mimi siamini, kwa sababu dakika ya saba Inter walikuwa mbele.

Jim Craig, namba mbili, alimgonga Cappellini ndani ya boksi. Mwamuzi Mjerumani, Tschenscher, akaweka penalti. Craig aliapa miaka yote kwamba haikuwa penalti. Mpigaji alikuwa Sandro Mazzola. Mzee wake, Valentino Mazzola, nahodha wa Torino, alikufa Mei 1949 kwenye ajali ya ndege ya Superga pamoja na timu nzima, wakirudi nyumbani kutoka kucheza Lisbon. Sandro alikuwa na miaka sita. Sasa amesimama Lisbon, na mpira mweupe mbele yake. Akampeleka Simpson upande mmoja, mpira upande mwingine.

Kilichofuata ndicho Stein alichokwenda kusomea Milan. Inter wakafunga mlango, na Celtic hawakuupiga mlango kwa kichwa. Johnstone, winga wa kulia ambaye kila mtu alimwogopa, aliambiwa ahamehame, amtoe beki wake Burgnich mahali pake. Burgnich akamfuata, kwa sababu beki wa Herrera alifundishwa kumfuata mtu wake hadi chooni. Pembeni pakabaki wazi. Kwenye uwazi ule wakapanda mabeki, Craig kulia, Gemmell kushoto, watu ambao kwenye daftari la Inter hakuna aliyepangiwa kuwakaba. Auld akapiga mwamba. Gemmell akapiga mwamba. Kipa Sarti, sijui alikula nini siku ile, akatoa kila kitu. Mapumziko bado 1–0.

Dakika ya 63 Craig, yule aliyetoa penalti, alipanda kulia na mpira. Hakupiga krosi. Alisubiri, akasubiri, mpaka mwenzake wa upande wa pili afike. Beki namba mbili anampa pasi beki namba tatu, kwenye ukingo wa boksi la Inter! Gemmell akaachia. Sarti aliruka baada ya mpira kupita.

Basi likawa limeharibika. Inter walijua njia moja tu ya kushinda, na njia hiyo inahitaji uwe mbele. Zikiwa zimebaki kama dakika sita, Gemmell akampa Murdoch, Murdoch akapiga la chini, Chalmers akaligusa kidogo tu likabadili mwelekeo. 2–1. Stein na wasaidizi wake walikuwa wamefanya mazoezi ya mkwaju ule kwa miezi, viungo kupiga chini kukatisha boksi na washambuliaji kukaa njiani. Chalmers aliulizwa mara nyingi kama ulimgonga kwa bahati. Alikuwa mstaarabu, alijibu kila mara.

Filimbi ilipolia mashabiki wakaingia uwanjani, na hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko mabao. Baadhi ya wachezaji wale walikuwa na meno ya bandia, na walikuwa wameyaweka ndani ya kofia ya Simpson, nyuma ya goli, ili baadaye watabasamu vizuri kwenye picha na kombe. Watu walipoanza kumiminika, wakati wengine wanakumbatiana, Lennox na Simpson wanakimbilia goli kuokoa meno. Na ndani ya timu ile ile Craig alikuwa amesomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Glasgow.

Vurugu ilikuwa kubwa hata timu haikuweza kwenda kupokea kombe. McNeill akaenda bila wachezaji wenzake, akapanda ngazi za lile jukwaa la mawe, akaliinua. Wenzake 10 wako chumbani, wengine hawana hata jezi, zimechukuliwa na mashabiki. McBride na goti lake na Gallagher wa ile kona walitazama tu fainali, maana wa akiba aliyeruhusiwa alikuwa kipa mmoja.

Wiki moja baadaye, Juni 1, Inter walikwenda Mantova kwa mechi ya mwisho ya ligi wakihitaji ushindi. Shuti jepesi likamponyoka Sarti, yule yule aliyezuia kila kitu Lisbon. 1–0. Ubingwa ukaenda Juventus.

Naona mwenyekiti anatazama saa, na nadhani anaitazama kwa upole sana. Nimalizie na mtoto wangu. Nilipompa maelezo haya yote, na yalichukua mazoezi mawili, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mwaka uliofuata?"

Nikamwambia ukweli. Septemba 1967, raundi ya kwanza, Dynamo Kyiv walikuja Glasgow wakashinda 2–1. Marudiano kule Kyiv 1–1. Kocha yule yule, na karibu kikosi kile kile. Mabingwa watetezi wakatolewa raundi ya kwanza tu.

Akachukua glavu zake akaenda golini. Maswali, kama yapo, niulizeni kwenye chai.